NOELI TUITAYARISHE TANGU LINI?

Masomo: Luka 2:1-12, Kutoka 12:3-11, Yeremia 28 na 29

Wapendwa katika Bwana,

Amani ya Kristo iwe pamoja nanyi nyote, ninyi mnaokaa hapa mjini Bujumbura, katika Buyenzi, Bwiza, Kinama, Kamenge na Kanyosha, na ninyi mlio makambini, Gasorwe, Musasa, Bwagiriza, Kavumu, Nyankanda na kule Musenyi. Tunamshukuru Mungu aliyetulinda mpaka mvua hizi.

Kila mwaka, mvua zikisha kukolea na watu wakamaliza kupanda, swali moja hurudi katika mkutano wa mashemasi. Akina mama wa kamati wanauliza: mchango wa Noeli tuanze kuukusanya lini? Viongozi wa korali wanasema wao wamekwisha kuchelewa, maana nyimbo mpya hazifundishwi kwa juma moja. Walimu wa Ekodimu wanataka kujua ni nani atakuwa Yosefu, kwa sababu Yosefu wa mwaka jana amerefuka na sauti imekuwa nene. Na kila mwaka, kwenye benchi la nyuma, yupo mzee mmoja anayengoja wote wanyamaze, ndipo anasema: "Mnatayarisha Noeli ya nini? Kufika Desemba, si tutakuwa tumekwisha kurudi kwetu?"

Neno hilo tulilisikia mara ya kwanza mwaka 2004, tulipokuwa wageni hapa, vijana bado, na tulilijibu kwa Amina kubwa. Mwaka 2005 tukalisikia tena, tukasema Amina. Kambi ya Gasorwe ilifunguliwa mwaka 2002. Watoto waliozaliwa mle siku za kwanza sasa ni watu wazima, na wengine wao wamekwisha kuleta watoto wao madhabahuni kuombewa. Wazee waliolisema neno lile mwanzoni, baadhi yao wamelala katika udongo wa Burundi. Neno limerithiwa na wazee wengine.

Hatumcheki mzee huyo. Yeye anasema kwa sauti yale ambayo wengi wetu tunayasema moyoni. Tulimtembelea mama mmoja katika Kinama, miaka mitatu tangu afike. Nguo za watoto zilikuwa bado ndani ya mfuko ule ule aliovuka nao mpaka. Hakuwa na kamba ya kutundikia nguo, wala msumari ukutani. Tulipomwuliza kama amekosa nyundo tumletee, akatujibu polepole: "Nyundo ninayo, mchungaji. Lakini nikipiga msumari, nimekubali."

Wapo na wengine waliojitayarisha kuondoka, na maandalio yao yakawafunga mikono. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, miongoni mwetu walikuwapo ndugu waliokwisha kuuza vitanda, masufuria na majiko yao, wakiamini safari i karibu. Walirudi kulala chini. Mtu kama huyo ukimwambia atayarishe jambo lolote tena, hata sikukuu ya watoto, anakutazama tu.

Kwa hiyo swali la kutayarisha mapema au kuchelewa, kwetu sisi si swali la kalenda peke yake. Kutayarisha kunatuuma. Tunaona kana kwamba tunatia sahihi karatasi inayosema: Desemba itatukuta hapa hapa.

Nabii Yeremia alikutana na jambo hili. Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa mateka kwenda Babeli, na nabii mwingine, Hanania, akasimama hekaluni akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili kila kitu kitarudishwa, vyombo na watu. Ndugu msomaji, soma vizuri sura ya 28. Jibu la kwanza la Yeremia lilikuwa Amina. Naye alipenda iwe hivyo! Hakuwa mtu asiyetamani kurudi kwao. Lakini katika sura ya 29 anawaandikia mateka barua nyingine kabisa: wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoze wana wao, wauombee amani mji waliopelekwa. Kurudi kutakuwapo, Mungu ameahidi, lakini Mungu hakuwaambia wakae na njaa mpaka siku hiyo.

Na kama mzee wetu wa benchi la nyuma bado hajaridhika, tunamwomba asome tena Pasaka ya kwanza. Katika Kutoka 12 Mungu anawaagiza Waisraeli wamtwae mwana-kondoo siku ya kumi ya mwezi na kumtunza mpaka siku ya kumi na nne. Siku nne za kutayarisha, tena katika nchi ya utumwa, na usiku ule ule ndio wa kuondoka. Walikula wamefunga viuno, viatu miguuni, fimbo mkononi. Hapo tunaona kwamba mtu anaweza kutayarisha sikukuu kwa uaminifu wote, na viatu vyake akaviacha miguuni. Mama wa Kinama anaweza kupiga msumari. Siku ya safari msumari unang'oka.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: tangu lini?

Tukiuliza makanisa ya kale, yanatujibu kwa namna nyingi. Tulivyofundishwa katika chuo cha Biblia, katika karne ya tano askofu Perpetuus wa mji wa Tours, kule Ufaransa, aliwaagiza Wakristo wafunge siku tatu kwa juma kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, mpaka Noeli. Baadaye Roma ikashika Jumapili nne, ndiyo desturi waliyo nayo mpaka leo ndugu zetu Wakatoliki na Waanglikana na wengine, wanaoita wakati huo Majilio. Jumapili ya kwanza huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba. Waorthodoksi wa Ethiopia, wanaosherehekea tarehe 7 Januari, hufunga zaidi ya siku 40. Na kule Ufilipino, nyimbo za Noeli huanza kusikika Septemba!

Wengi wetu tuliolelewa katika CELPA, CEPAC na makanisa mengine ya kipentekoste hatukuhesabu Majilio. Hatuandiki haya ili kumlazimisha mtu awashe mishumaa. Lakini angalieni jambo moja: makanisa hayo ya kale yaliposema "tayarisha", maana yake ya kwanza ilikuwa kufunga, kuomba na kupatana. Sisi tunaposema "tayarisha", tunafikiri kwanza mchele, nyama, Fanta na nguo mpya za watoto. Na kwa sababu hivyo vyote vinataka fedha, na fedha hatuna, tunangoja. Tunangoja mpaka tarehe 20 Desemba. Ndipo tunakimbia kukopa.

Hapa, wapendwa, ndipo penye kidonda, na tunaomba mtuvumilie tukikigusa. Noeli hutukuta wakati mbaya. Maharage na mahindi ya msimu wa kwanza, yaliyopandwa Septemba na Oktoba, wengi huyavuna Januari na Februari. Desemba ghala ni tupu, bei sokoni zimepanda, na mafuta ya gari yakikosekana, kama tulivyokwisha kuzoea, hata kufika Ruvumera kununua kaptura ya mtoto ni safari ya miguu. Wakati huo ndipo mlango wa mkopesha wa mtaani, yule watu wanayemwita lamberti, unapokuwa wazi usiku na mchana. Anachukua kitambulisho chako, au simu, au godoro. Hakuulizi wewe ni wa kabila gani wala dini gani. Anakupa leo, na kila mwezi deni linapanda.

Sisi wenyewe tuliingia mlango huo. Mwaka mmoja tulikopa ili watoto wetu watatu wapate viatu, na nyumba ya mchungaji isionekane haina nyama siku ya Bwana. Kiburi kilitusaidia kutia sahihi. Jumapili ya pili ya Januari yule mkopesha alikuja ibadani, akaketi mstari wa pili, akakaa mpaka baraka ya mwisho. Siku ile tulihubiri kwa ufupi sana. Mpaka Pasaka tulikuwa bado tunalipa mchele uliokwisha kuliwa, na mtoto wetu mkubwa alikaa nyumbani majuma matatu kwa kukosa madaftari. Alikuwa na viatu vizuri vya kukaa navyo nyumbani.

Basi jibu letu la kwanza: kabla ya kutayarisha Noeli inayokuja, tulipe ile iliyopita. Wapo kati yetu ambao Noeli ya mwaka jana bado inadaiwa. Dawa ya deni ni kulipa, na aliyeshindwa kulipa aende kwa mashemasi mapema, si tarehe 23. Na aliye katika kikundi cha akiba, lile sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, asiombe lifunguliwe kabla ya siku ya kugawana. Asiye na kikundi aanze na kopo. Anayetia faranga 1,000 kila juma tangu Jumapili ya kwanza ya Oktoba, kufika Noeli atakuwa na faranga 12,000. Si nyingi, tunajua bei. Lakini ni zake, na hakuna mtu atakayeketi mstari wa pili kumngojea.

Mwenye kipande cha ardhi, hata kidogo nyuma ya nyumba, atupe mbegu za lengalenga Jumapili ile ya kwanza ya Majilio. Lengalenga hainatujaribu sana. Majuma manne yanatosha kupata mboga ya kuchuma. (Akina baba, kumwagilia si kazi ya akina mama peke yao siku mvua inapokosa.)

Lakini tukirudi kwa Luka, tunaona jambo kubwa kuliko haya yote.

Noeli ya kwanza ilianza na orodha. Kaisari alitaka watu waandikwe, na Yosefu na Mariamu wakapanga njia kwenda kuandikishwa. Sisi tunaijua hali hiyo. Tunajua kuamka saa tisa ya usiku kushika mstari wa uhakiki, tunajua mama mjamzito kusimama juani akingoja jina lake liitwe. Kutoka Nazareti mpaka Bethlehemu ni kama kilometa 150, karibu na njia ya kutoka Bukavu mpaka hapa Bujumbura. Walipofika hawakupata nafasi. Hakuna aliyewatayarishia kitu. Mahali pa kujifungulia hapakutayarishwa, kitanda hakikutayarishwa, mkunga hatajwi.

Lakini Luka anasema Mariamu alimvika mtoto nguo za mtoto mchanga. Zilitoka wapi? Luka hasemi. Tuliwauliza akina mama katika maombi ya Alhamisi, na wote walicheka swali letu. Mama mmoja aliyevuka Rusizi Februari 2025, akiwa na mimba ya miezi minane, akasema: "Mchungaji, sufuria niliiacha motoni. Mlango sikuufunga. Lakini vitambaa vya mtoto nilikuwa nimekwisha kuvifunga kiunoni siku nyingi." Alifika Cibitoke, akalala pamoja na maelfu ya wengine kwenye uwanja wa Rugombo, na mtoto alipozaliwa alikuwa na kitu cha kumfunika.

Basi na sisi tunaamini, bila kuongeza neno katika Maandiko, kwamba Mariamu alitoka Nazareti na vitambaa vyake. Hakuweza kutayarisha mahali, kwa sababu mahali palikuwa mikononi mwa Kaisari na mwa wenye nyumba. Alitayarisha kile kinachoingia katika mzigo.

Na tazameni malaika alivyowaambia wachungaji wa kondoo. Ishara aliyowapa ya kumtambua Mwokozi ni mtoto aliyevikwa zile nguo, amelazwa katika hori. Ishara ina pande mbili. Hori ni la dharura, ni lile lililopatikana. Zile nguo ni za mama aliyejitayarisha mapema. Mungu alizichukua zote mbili akazifanya alama moja, na wachungaji wale usiku walimtambua kwazo.

Kwa hiyo, tukiulizwa Noeli itayarishwe tangu lini, tunauliza kwanza: ni kitu gani unatayarisha? Kama ni mahali, kama ni meza iliyojaa, hayo hayamo mikononi mwetu, na mwenye kuyangoja atakopa au atalia. Kama ni kile kinachobebwa katika mzigo, anza leo. Mtoto anayejua habari ya Bethlehemu kwa moyo ataibeba popote watakapompeleka. Wimbo uliofundishwa tangu Oktoba hauachwi mpakani. Na amani kati yako na jirani yako haitaki gari la kuibeba.

Hili la amani tulitaje waziwazi. Katika Buyenzi ziko nyumba mbili za washiriki wetu, uwanja mmoja, bomba moja la maji, ambazo hazijasalimiana tangu Pasaka kwa ajili ya ndoo. Wahusika wanajijua. Tarehe 25 Desemba wote wawili watakuja wakiimba. Kupatana ndilo jambo la kutayarisha mapema kuliko yote, kwa sababu halifanyiki kwa siku moja: siku ya kwanza unakwenda, unakuta hayupo, siku ya pili yupo lakini hataki, siku ya tatu anakutolea kiti. Ukianza tarehe 24, utaishia siku ya kwanza.

Tena tukumbuke Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, na watu kwa maelfu wakavuka kuja Burundi katika siku chache, majuma mawili tu kabla ya Noeli. Wengi wetu tulikuwa tumetayarisha kwa hesabu ya nyumba zetu: sahani tano, watu watano. Walipobisha hodi, wengine tuligawa, wengine, tukiri mbele za Mungu, tulizima taa. Mwaka huu anayepanga sahani zake apange na moja ya mtu asiyemjua jina. Na sisi tulio hapa zamani, kila nyumba ijue nyumba moja ya waliofika baadaye: ni nani, wako wangapi, ni nani aliye mgonjwa, ni nani anayelia watu wake waliobaki. Hilo nalo haliwezi kungoja juma la mwisho. Na aliye kambini anayetaka kuja kuwaona ndugu zake mjini aombe karatasi ya ruhusa mapema. Mwaka jana wengi waliiomba siku ambayo ofisi zilikuwa zinafunga.

Kamati ya akina mama imekubaliana hivi. Jumapili ya kwanza ya Majilio, pamoja na sadaka, kila nyumba inayoweza italeta kipande kimoja cha kitenge au cha shuka, kisichopungua urefu wa mikono miwili, kwa ajili ya watoto watakaozaliwa makambini na hapa mjini karibu na Noeli. Si lazima kiwe kipya. Mashemasi wa kike wanaandika orodha ya mama wajawazito, na asiye wa kanisa letu aandikwe pia. Tunaomba vitambaa vifuliwe na kuanikwa siku mbili mapema, maana mvua za Novemba hazikaushi nguo kwa siku moja, na kitambaa kibichi kikifungiwa mfukoni mpaka Musenyi kitafika kimeota ukungu.

Tunawasalimu katika jina la Bwana,
Wachungaji wenu, Bujumbura